Kumwamsha Thakorji

Mwaka jana mwezi wa tatu Ba alipata kiharusi. Daktari alipotuambia kwamba atapona, ila taratibu, swali la kwanza kuulizwa nyumbani halikuwa la dawa wala la pesa. Shangazi aliuliza: "Na Thakorji je?"

Nieleze kwa wasiomjua. Ba ni bibi yangu mzaa baba. Thakorji ni Krishna mtoto, wa shaba, urefu wake haufiki kidole changu cha kati. Anatambaa kwa magoti, mkono mmoja ameshika donge la siagi. Anaishi kwenye kabati la mbao sebuleni kwetu, Upanga. Nimesema "anaishi" makusudi. Ukimwita sanamu mbele ya Ba utarekebishwa papo hapo. Katika njia yetu, Pushtimarg, iliyoanzishwa na Vallabhacharya (1479–1531), Krishna wa nyumbani si kitu cha kumkumbushia Mungu. Ni yeye mwenyewe, amekuja akiwa mtoto ili usimwogope. Hata hekalu letu tunaliita haveli, yaani jumba, kwa sababu ni nyumba yake. Na kazi ya muumini ni seva, utumishi: mtoto anaamshwa, anaogeshwa, anavishwa, analishwa, analazwa. Kila siku. Hakuna sikukuu wala likizo ya ugonjwa.

Ba alimleta kutoka Jamnagar mwaka 1956, akiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane, ndani ya meli ya Karanja. Hadithi ya nyumbani inasema safari nzima alimpakata mapajani, akimlisha lozi na sukari ya mawe kwa sababu hakutaka mtoto ale chakula cha jiko la meli. Tangu siku ile hadi asubuhi ya kiharusi, Thakorji hakuwahi kuamka bila mtu wa kumwamsha.

Basi tukakaa kikao. Baba ana sukari na magoti mabovu. Mama ndiye angemhudumia Ba. Kaka yangu yuko Leicester, akashauri kwa simu kwamba mtoto akabidhiwe haveli, ambako watu wa kumtunza wapo. Si jambo la aibu, linaruhusiwa, wengi wamefanya hivyo baada ya wazee kuondoka. Shangazi akaanza kulia. Ndipo nikajisikia nikisema: "Niachieni mimi mpaka Diwali."

Wote wakanigeukia. Mie? Mwandishi wa habari wa miaka thelathini na minne, ninayelala saa saba usiku, ambaye kwa miaka kumi ibada yangu yote ilikuwa kupita mbele ya kabati na kuinamisha kichwa huku natafuta funguo? Ni kweli niliwekwa wakfu nikiwa na miaka minane, nikashika jani la tulsi na kutamka maneno ya kujikabidhi kwa Krishna, mimi na vyote nilivyonavyo. Ninachokumbuka zaidi siku ile ni gauni jipya. Kwa hiyo kwa kanuni niliruhusiwa. Moyo ndio haukuwa na kibali.

Nilianza kama ninavyoanza kuandika habari: kwa daftari. Nikasoma. Huko Nathdwara, Rajasthan, ambako Krishna wa umbo la Shrinathji yupo tangu 1672, siku ina nyakati nane za kumwona, kuanzia Mangala alfajiri hadi Shayan usiku. Vitthalnath, mtoto wa Vallabhacharya, ndiye aliyeipanga seva ile kwa nyimbo, mavazi na vyakula vya kila saa na kila msimu. Ba mwenyewe hakuwahi kuzifuata zote nane. Alikuwa na asubuhi yake na jioni yake. Nami nikachukua hizo.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naoga, navaa nguo ambayo haijaguswa na mtu. Napiga makofi taratibu mbele ya pazia, maana mtoto haamshwi kwa kushtuliwa. Maji ya uvuguvugu. Kitambaa laini. Nguo, kilemba, unyoya wa tausi mdogo kuliko ukucha. Maziwa yenye iliki na zafarani. Baadaye chakula kisicho na kitunguu wala kitunguu saumu, ambacho hakuna aliyekionja, na jani la tulsi juu yake. Namwachia muda ale, kisha kinachobaki ndicho chakula chetu. Usiku nikirudi kazini namlaza.

Kwa mwezi mzima nilikuwa sahihi. Nilikuwa na orodha, nikiweka alama ya vema kila kipengele. Halafu nikapata tamaa ya kuzama zaidi, na kwangu kuzama kulimaanisha kuongeza. Nikaongeza mantra, shanga mia na nane asubuhi, kisha mara mbili. Nikaongeza vyakula. Nikaanza kuamka saa kumi. Na kadiri nilivyoongeza ndivyo nilivyozidi kuwa mkali. Siku moja mama alinigusa bega nikiwa nimeshaoga, alitaka tu kuniuliza dawa ya Ba iko wapi, nikamfokea kwamba kaniharibia usafi. Mama hakujibu. Alirudi chumbani kwa mgonjwa wake. Nami nikaendelea kumvisha mtoto wa shaba kwa mikono inayotetemeka kwa hasira, nikaweka alama ya vema.

Kisha mwezi wa nne mvua zikashuka. Alfajiri mhariri akanipigia: Jangwani maji yamejaa, nenda. Nilitoka bila kuoga, bila kumwambia mtu. Nilirudi saa tisa alasiri, suruali tope mpaka magotini. Sebuleni pazia la kabati lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha usiku. Ndani Thakorji alikuwa bado amefunikwa shuka yake. Maji kwenye kopo lake yalikuwa ya jana.

Sikutegemea nilichokihisi. Haikuwa hofu ya dhambi. Kilikuwa kile kinachompata mtu aliyesahau kumchukua mtoto shuleni, akafika jioni na kumkuta amekaa peke yake getini na begi lake. Mwandishi wa habari aliye ndani yangu alisema, dada, hiyo ni shaba. Najua ni shaba. Lakini aibu ile ilikuwa ya kweli, na huwezi kuionea kitu aibu ya namna ile.

Nikaenda chumbani kukiri. Ba alikuwa ameanza kurudisha maneno, moja moja, Kigujarati na Kiswahili vikiwa vimechanganyika hata zaidi ya zamani. Nilimweleza yote nikisubiri karipio. Akaniuliza: "Amekula nini?"

"Bado, Ba."

"Basi mpe, dikra. Ana njaa."

Hakuniambia nitubu wala niongeze shanga. Mtoto ana njaa, mpe. Nikaoga, nikapasha maziwa. Siku ile sikuweka alama ya vema. Daftari nimelihifadhi, ila sijaliandika tena.

Kuna siku za kila mwezi ambazo, kwa desturi ya nyumba yetu, simgusi. Sitawadanganya: desturi hiyo sijamaliza kubishana nayo, na nimewahi kubishana nayo mpaka na shangazi. Siku hizo mama huchukua zamu. Mwanzoni nilizitumia kulala. Baada ya siku ile ya mafuriko sikuweza. Nilikuwa naamka saa ileile, nakaa kwenye kiti karibu na dirisha, na bila kupanga najikuta namwamsha kichwani. Najaribu joto la maji. Natafuta kilemba cha kijani, nakumbuka kimelowa, nachukua cha njano. Mara nyingine nachelewa, namwona mama kule kabatini ameshafika kwenye maziwa na mimi bado nafunga vifungo.

Baadaye nikakuta jambo hilo lina jina. Vallabhacharya, katika kitabu kifupi kiitwacho Siddhantamuktavali, anasema seva ya juu kuliko zote ni ile ya moyoni, manasi. Seva ya mwili na seva ya mali ndizo njia ya kuifikia. Nilisoma nikadhani ni habari ya watakatifu. Ya Surdas, kwa mfano, mshairi wa karne ya 16 ambaye mapokeo yanasema alikuwa kipofu. Wafuasi wanasimulia kwamba kila siku aliimba mavazi ya Krishna bila kukosea, mpaka watu wakaamua kumjaribu: wakamvisha mtoto lulu tupu, bila kipande cha nguo. Surdas akaimba mtoto aliyevaa lulu tupu. Ni kisa, na sina namna ya kukithibitisha kama ninavyothibitisha habari. Nilikipenda tu kama wapenda fasihi tunavyopenda visa.

Mpaka mwezi wa nane. Asubuhi moja nilimaliza mapema nikaenda kumwangalia Ba. Alikuwa amelala chali, macho yamefungwa. Mkono wa kulia, ule uliokufa, ulikuwa juu ya shuka. Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea. Vidole viwili vilikuwa vinazungusha kitu hewani, taratibu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kidole gumba kikakandamiza. Nikadhani ni degedege. Nikakaribia, nikataka kumwita mama. Ndipo nikaujua ule mwendo. Nilikuwa nimetoka kuufanya dakika kumi zilizopita. Alikuwa anafunga kilemba.

Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alipaka kitu kwenye paji la uso dogo nisiloliona. Aliinua kikombe, akasubiri. Alisubiri muda mrefu sana, kuliko mimi ninavyosubiri. Mimi huweka chakula nikaenda kuangalia simu. Ba alimwachia mtoto ale mpaka ashibe. Kisha akamfuta mdomo.

Kumbe miezi yote ile, wakati tunadhani kwamba mimi ndiye ninayeiendeleza kazi ya Ba, yeye hakuwa ameiacha hata siku moja. Na asubuhi ile ya mafuriko, nilipomwacha Thakorji amefunikwa shuka mpaka saa tisa, nadhani alikuwa ameshaamshwa. Sikuwahi kumuuliza Ba. Lakini hata kama ni hivyo, aliniambia nikampe. Miaka yote ya mikono yake ndiyo iliyomwezesha kufanya bila mikono, na mimi wangu bado ni wa kupasha maziwa.

Tangu hapo nimepunguza. Shanga ni mzunguko mmoja. Vyakula ni vile vya Ba. Naamka saa kumi na moja na nusu, si saa kumi. Nilichoongeza ni kimoja tu: nikishaweka chakula, nasubiri. Simu inabaki chumbani. Wiki za kwanza dakika zile zilinikera, nikahesabu habari zinazonipita. Sasa huwa namtazama tu, na siku nyingine namwona, siku nyingine naona shaba. Zote mbili naamka.

Diwali ikaja ikapita. Tulipika, majirani wakala, kaka akatazama kwa video kutoka Leicester. Hakuna aliyetaja haveli. Mimi pia nilinyamaza.

Desemba nikafungua sanduku la nguo za baridi. Kalenda ya seva hufuata majira ya India ya kaskazini: huko ni miezi ya koti lenye pamba na kijiko cha makaa mbele ya mtoto apate kuota. Sijui kwa nini sikuwahi kuona Ba akizitoa. Nikalichagua koti jekundu, dogo kama kisanduku cha kiberiti, nikampelekea alione kabla sijamvisha. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, na tayari jasho lilikuwa linanitoka saa kumi na mbili asubuhi.

Ba aliligusa koti. Kisha akaniashiria niiname, akapitisha mkono wake wa kushoto mgongoni kwangu, juu ya nguo ninayovalia seva, bila kujali mtu kuguswa au kutoguswa.

"Umelowa," alisema. "Na yeye je?"

Nikalirudisha koti sandukuni. Nikamtafutia nguo nyepesi.