Uti wa Ubao

Mwanafunzi wetu mmoja alituletea picha ya ubao mrefu wa kuchezea mawimbini, akauliza, "Mwalimu, huu unaitwaje kwa Kiswahili?" Tukamkatiza: hayo ni mambo ya wageni, hayamo katika somo letu. Akanyamaza, na kimya chake kikatuandama hadi nyumbani.

Ndipo tulipomsoma Hobie Alter wa California, Marekani, aliyefariki mwaka 2014. Alianza kuchonga mbao za balsa katika banda la gari la wazazi wake, akafungua duka huko Dana Point mwaka 1954. Mwaka 1958, yeye na mwenzake Gordon Clark wakaiacha balsa, wakashika povu gumu la plastiki. Povu ni jepesi, ila peke yake ni dhaifu. Hivyo hupasuliwa katikati, likagandishwa ufito wa mti toka omo hadi tezi, kisha likavikwa nyuzi za kioo. Mbao ndefu nyingi za leo zingali na ufito huo.

Tuliona haya. Kiswahili nacho kimepokea meza, shule na kitabu wala hakikuvunjika, maana uti wake ni sarufi.

Kesho yake tulimwomba radhi kijana yule, tukamrudishia swali lake. Akafikiri, akasema, "Ubaowimbi." Tukauliza, je, zikiwa nyingi? Darasa zima likaitika, bila kufundishwa: "Mbaowimbi!"