Ghala la Picha

Zamani picha ilikuwa na bei. Mkanda wa kamera ulitoa picha 36 na hapo ulikwisha. Aliyeshuka kutoka Mbinga kwenda ziwani na mkanda mmoja alikadiria kila picha kama mkulima akadiriavyo mbegu wakati wa uhaba. Alitazama, akangoja, akatazama tena, ndipo akapiga. Kisha mkanda ulipelekwa mjini kusafishwa, na picha zilirudi katika bahasha, chache, kila moja ikijulikana kwa sura na kwa siku yake. Leo kadi iliyo ndogo kuliko stempu ya barua hubeba picha maelfu, na kupiga moja zaidi hakumgharimu mpigaji hata senti. Kwa hiyo kazi ya kuchagua, iliyokuwa ikifanywa kabla ya picha kupigwa, imehamia baada ya kupigwa. Aghalabu huahirishwa hapo, na kila mwezi ipitao huwa nzito zaidi.

Yuko mwalimu mmoja wa sekondari katika mji wa Mbinga apigaye picha kwa mapenzi, wala hatarajii ujira. Jumamosi ikimkuta bila madaftari ya kusahihisha, huteremka kwa barabara ya lami iendayo Mbamba Bay, mwendo wa kilometa zipatazo 66, akaacha baridi ya mashamba ya kahawa na kuingia katika joto la ufuko. Mara nyingine hufika Liuli, mara nyingine Lituhi. Kwa miaka minane alikusanya picha zaidi ya 14,000. Alizitia katika kompyuta kwa majalada aliyoyaita “Ziwa”, “Ziwa Mpya”, “Ziwa Mpya Kabisa”, na moja kubwa kuliko yote liitwalo “Panga Baadaye”. Yamkini msomaji anayo majalada ya ukoo huo.

Katika mwaka mmoja alifariki mzee mchonga mitumbwi wa kijiji kilicho karibu na Liuli. Mwalimu alikuwa amempiga picha miaka mitano nyuma, ameketi juu ya gogo lililochongwa nusu, tezo mkononi, vipande vya mti vimetapakaa miguuni pake. Wana wa mzee waliikumbuka siku ile kuliko mwalimu mwenyewe. Baba yao hakuwa na picha nyingine ila ile ya kitambulisho, ndogo, yenye uso uliokazwa kama wa mtu anayengoja hukumu. Mwana mkubwa akapiga simu.

“Shikamoo, mwalimu. Ile picha ya mzee bado ipo?”

“Marahaba. Pole sana, mwanangu. Ipo.”

Jibu lile lilikuwa kweli. Walakini picha kuwapo ni jambo moja na kuonekana ni jambo jingine. Mwalimu alikesha usiku wa kwanza akipekua machweo, mitumbwi, madagaa juu ya vichanja, watoto wakiogelea. Usiku wa pili akarudia. Alitafuta katika mwaka alioukumbuka, kumbe picha haikuwamo humo: kabla ya safari ile kamera ilikuwa imekaa muda mrefu bila betri, saa yake ikarudi mwanzo wa kuhesabu, na picha za Liuli zikaandikwa tarehe ya miaka ambayo mwalimu hakuwa hata na kamera. Zilikuwa zimejificha mbele ya zote, mahali ambapo hakuna atafutaye. Mzee alizikwa bila picha mbele ya jeneza. Siku ya tatu, wafiwa wakiwa bado mkekani, ikapatikana. Ilipokewa kwa machozi na shukrani, wala hakuna aliyemlaumu mwalimu. Na kutolaumiwa kule kulimkaa moyoni zaidi ya lawama.

Tangu hapo alianza kupanga, na mpango wake unastahili kuelezwa, kwa sababu ni mwepesi na umejaribiwa na mtu asiye na wasaa.

Alianza kwa tarehe. Kila mwaka una jalada lake, na ndani yake kila safari ina jalada lililoandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kisha mahali: 2019-07-14 Liuli. Desturi yetu ni kutanguliza siku, lakini kompyuta husoma tarakimu kutoka kushoto kama karani asiyefikiri. Ukitanguliza siku, itakusanya tarehe 14 za miezi yote mahali pamoja na kuvuruga mfuatano. Picha zenyewe nazo hazikubaki na majina ya kiwandani. Kamera nyingi huhesabu hadi 9999 kisha huanza upya, hata mpigaji akawa na picha mbili zenye jina moja. Siku azinakilipo katika jalada moja bila kuangalia, moja huweza kumeza nyenzake. Programu za kupangia picha hubadili majina ya mamia kwa amri moja, zikitumia tarehe na saa iliyofichwa ndani ya faili.

Maelezo hayo ya ndani ni hazina isiyojulikana na wengi. Tangu kanuni iitwayo Exif ilipotolewa huko Japani mwaka 1995, kamera huandika pamoja na picha siku, saa, lenzi iliyotumika na muda ambao mwanga uliruhusiwa kuingia. Ni shahidi mzuri, ila shahidi huyu husema saa aliyoambiwa tu. Tena husema kwa hesabu ya kigeni: saa moja jioni ya Mbamba Bay kwake ni 19:00, na asiyezoea kubadili hesabu huweza kuitega kamera kwa kosa la saa sita, picha za alfajiri zikasomeka kuwa za usiku wa manane. Kosa la saa lina dawa. Tarehe ya kweli ya picha moja ikijulikana, basi tofauti yake na ile iliyoandikwa ndiyo tofauti ya picha zote zilizopigwa na kamera ile kabla saa haijatengenezwa, na programu huzisogeza zote kwa pamoja. Picha za mchonga mitumbwi zilirudi mahali pake kwa njia hii.

Lililofuata lilikuwa kutupa, na hapa ndipo mapenzi hupigana na akili. Ufuko wa Tanzania uko mashariki ya ziwa, hata jua hutua juu ya maji kuelekea Malawi, na hakuna mwenye kamera awezaye kugeuka na kuondoka. Mwalimu alikuwa na machweo zaidi ya 900. Alipita mara ya kwanza akiondoa zilizo na ukungu wa mkono uliotikisika, zilizokatwa vichwa, zilizofumba macho. Mara ya pili aliweka kando kwa kando picha za dakika moja akabakiza moja au mbili. Hakufuta kitu siku ya safari, maana siku hiyo mtu bado analewa uzuri wa alichokiona na kila picha humwonekea bora. Aliacha juma moja lipite. Juu ya machweo alikuwa mkali, juu ya watu alikuwa mpole. Picha ya mtu, ijapokuwa na kasoro, hakuitupa kama ndiyo pekee ya mtu huyo. Kwa mtazamo wa ufundi huo ni udhaifu. Kwa mtazamo wa wana wa mzee wa Liuli, sivyo.

Kisha huja kuhariri, neno litumiwalo kwa maandishi na kwa picha, na kwa haki, kwa kuwa yote mawili huharibika kwa mkono uliozidi. Katika milima ya Umatengo kuna kilimo cha ngolo: nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba mteremkoni, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya nyasi, hata mlima mzima ukawa mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki, yakizuia maji ya mvua yasichukue udongo. Picha ya ngolo huwa hai kwa kivuli. Asubuhi, jua likiwa chini, kila shimo huwa na giza lake na kila tuta lina mwanga wake. Adhuhuri shamba lilo hilo huonekana kama blanketi lililokunjuka. Sasa, programu za kuhariri zina kitufe cha kuboresha picha kwa mara moja, na moja katika kazi zake ni kung'arisha vivuli. Mwalimu alikibonyeza kitufe hicho juu ya picha zake za ngolo, na ngolo zikatoweka! Kilichobaki ni mteremko safi, mkunjufu, ambao mkulima wa Maguu au Litembo asingeutambua. Alirudisha vivuli, akaongeza kidogo.

Buni nazo zina mtego wake. Ukizidisha wekundu, tunda ambalo halijaiva huonekana limeiva, na mwenye kujua kahawa atamcheka mpigaji. Vivyo hivyo chini ya miti ya kivuli rangi zote huelekea buluu; dawa yake ni kutafuta katika picha kitu ambacho ni cheupe kwa hakika, mathalani shati la mwanafunzi, na kuiambia programu kwamba hicho ndicho cheupe, nyingine zifuate.

Ili kazi isimle siku zake, mwalimu hahariri picha moja moja. Huchukua zile zilizopigwa katika mwanga mmoja, hutengeneza ya kwanza kwa makini, kisha hunakili marekebisho yale kwa wenzake, na hushughulika tena na zile chache tu zilizokataa. Hutumia programu ya bure iitwayo darktable, iliyoanza mwaka 2009, ambayo haigusi picha ya asili: marekebisho huandikwa pembeni kama maelekezo, na yaweza kufutwa wakati wowote. Anayefungua JPEG, akaibadili na kuihifadhi tena na tena juu ya ile ile, hupoteza kidogo kila mara, kama habari ipitiayo vinywa vingi.

Lakini lililo zito kuliko yote ni majina. Picha iliyopigwa Mbamba Bay mwaka 2010 ilipigwa katika Wilaya ya Mbinga; iliyopigwa hapo hapo miaka michache baadaye ilipigwa katika Wilaya ya Nyasa, iliyoanzishwa mwaka 2012. Ziwa ni Nyasa kwa Mtanzania na Malawi kwa jirani. Liuli yenyewe iliitwa Sphinxhafen na Wajerumani, kwa ajili ya jabali lifananalo na sanamu ya Misri, na kwa jina hilo imeandikwa katika habari za Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa pale ufukweni. Mwanafunzi atafutaye picha za kale za Liuli katika ghala la Ulaya, asijue jina lile, atarudi mikono mitupu na kusema hazipo. Kwa hiyo mwalimu huandika katika maelezo ya picha majina yote mawili, la sasa na la zamani, na vitu huviita kwa Kiswahili pamoja na lugha ya wenyewe: ngolo hubaki ngolo. Majina ya watu huyaandika kwa ruhusa yao. Nchi inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini adabu ya ufuko ilikuwa imekwisha kataza kumtangaza mtu bila kumwuliza.

Juu ya kuhifadhi hakuna mengi. Mmarekani Peter Krogh, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Mwalimu ana kompyuta, ana diski ya nje kabatini, na diski nyingine huko Songea kwa ndugu yake, ambayo hubadilishwa kila aendapo. Wingu la intaneti ni zuri kwa mwenye fedha za bando: picha ghafi ya kamera yake hufikia megabaiti 25 au zaidi, na elfu moja ni gigabaiti 25. Huko hupeleka zilizochaguliwa tu. Na watu wa ziwani wamwombapo picha, hawatumii kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana njia hiyo huipunguza na kuivua maelezo yake. Huituma kama hati, ikafika nzima.

Tena amerudia karatasi. Kila miezi michache husafisha picha 20 au 30 mjini na kuzipeleka vijijini kwa wenyewe. Huko zimezaa faida asiyoitazamia. Wazee huzigeuza, wakaomba kalamu, wakaandika nyuma: huyu si mjukuu wa fulani, ni mtoto wa dada yake; mtumbwi huu ulivunjika mwaka uliofuata; mti huu ndio mvule uliokuwa karibu na kanisa. Mwalimu huyanakili maneno hayo, akarudi Mbinga akasahihisha maelezo ya picha jioni ile ile.

Jalada la “Panga Baadaye” halijafutwa. Limebaki na picha 2,600 hivi, nyingi za Lituhi, na kila Jumapili jioni, umeme ukiwapo, hulifungua kwa saa moja.