Mama Mwenye Macho ya Vifungo



Likizo ya Agosti ilitukuta Mai Mahiu kwa binti yetu aliyeolewa huko, chini ya mteremko wa Kijabe. Usiku wa pili mjukuu wetu wa miaka minane aliitwa na mamake, asiitike. Alitujia akatunong'oneza: "Babu, hebu mwangalie macho kwanza. Ni mama kweli?"

Kumbe alikuwa ametazama Coraline, filamu ya vikaragosi ya mwaka 2009. Tuliitazama nasi. Mtoto afungua kijilango, akute mama mwingine, mpole, hodari wa kupika; ila sharti la kubaki kwake ni kushonewa vifungo machoni. Ilipokwisha tulimkemea binti yetu mbele ya mwanawe, kwa ukali tunaoujutia hadi leo.

Hakutujibu. Kesho yake alituwekea kitabu chenyewe, alichokitunga Neil Gaiman, kilichotoka mwaka 2002. Tulikisoma baina ya Adhuhuri na Magharibi, tukaona tulihukumu kwa pupa. Katika filamu yuko mvulana jirani anayemsaidia yule binti. Kitabuni hayumo kabisa. Mtoto anarudi peke yake kuwakomboa wazazi wake, huku anatetemeka. Tulimkumbuka dada yake Nabii Musa, aliyemfuatia nduguye mtoni kwa mbali. Naye alikuwa binti mdogo, na khofu haikumzuia.

Hata bibi zetu wa Pwani walitusimulia zimwi aliyemtia binti ndani ya ngoma. Tuliogopa, lakini tulilala. Kwani aliyetutia khofu ndiye aliyetupakata mpaka hadithi ikaisha. Mjukuu wetu alitazama peke yake, na hapakuwa na wa kumpakata.

Jambo la pili lilituuma zaidi. Coraline aliufungua ule mlango kwa kuwa wazazi wake walishughulika na kazi zao, wakimwambia akacheze. Tukamwuliza mjukuu wetu khofu yake ilianza lini. Hakuitaja filamu. Alitaja mvua.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyozuilika kwenye tuta la reli ya zamani yalipasua njia yakaingia Kamuchiri, yakachukua makumi ya watu. Nyumba ya binti yetu ilisalimika. Tangu hapo, kila mvua inyeshapo, mtoto hulala macho akihofu kuamka asimkute mamake. Kila alipouliza aliambiwa: "Lala, si kitu." Na sisi, tuliokuja mara mbili kwa mwaka, tulimwuliza tu amefika sura gani.

Tulimwomba radhi binti yetu mbele ya mwanawe, maana mbele yake ndipo tulipomvunjia heshima. Kisha kwa siku tatu, baada ya Isha, tulikisoma kitabu kwa sauti, tukikigeuza Kiswahili, mama ameketi pale na simu imezimwa. Tulipofunga kitabu tulisoma pamoja Ayatul Kursiyyu na Muawwidhatayni. Akauliza pia habari za Kamuchiri, akajibiwa kweli.

Hatusemi kila filamu yamfaa kila mtoto. Wazazi, tangulieni kutazama, kisha keti naye. Na mtoto akiogopa, mwulizeni aogopacho kabla ya kumkemea yeyote.

Usiku wa mwisho ilinyesha. Tulisikia akiita "Mama!", na mama akaenda.

Allah awahifadhi watoto wetu, awarehemu waliochukuliwa na maji. Amin.