Ikuti: Urithi Usiojengwa kwa Mawe

Ndugu msomaji, yanapotajwa majengo ya kale, fikra zetu hukimbilia Kilwa Kisiwani na Bagamoyo, kwenye mawe na chokaa. Leo nakualika tupande hadi Ikuti, wilayani Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa, yenye mvua nyingi na migomba iliyozizunguka nyumba.

Katika nchi hiyo wazee walijenga kwa mianzi. Kuta zilikandikwa udongo na paa likaezekwa kwa nyasi. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, na bado nyumba ilikuwa safi. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita Unyakyusa mwaka 1879, alizisifu nyumba hizo kwa unadhifu wake.

Ujenzi huo ulikuwa pia malezi. Mvulana alipofikia umri wa miaka kama kumi, aliondoka kwa baba yake akaenda kujenga kijiji pamoja na wenzake wa rika. Huko alijifunza ukwangala, yaani kula, kuzungumza na kuishi vema na wenzake. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930, waliyaandika hayo kwa kirefu. Baadaye mazao ya kudumu kama kahawa yalimfunga mtu kwenye shamba lake, ardhi ikawa haba, na vijiji vya rika vikafifia. Bati na tofali navyo vikaingia. Nani atamlaumu mtu kwa kupenda paa lisilovuja?

Hata hivyo, tuna jambo la kutafakari. Nyumba ya mianzi huoza. Haiwezi kungojea karne kama msikiti wa Kilwa. Urithi wake umo mikononi mwa anayejua kuijenga, na fundi akifa bila kurithisha, nyumba imekufa naye. Huko Bosnia, daraja la kale la Mostar lilibomolewa kwa mizinga mwaka 1993. Mwaka 2004 lilisimama tena, kwa kuwa watu walikuwa bado wanaujua ufundi wa kulijenga kwa mawe.

Basi, mfanyakazi uliye mjini, ukienda likizo nyumbani, iwe Ikuti au kwingineko, mpeleke mwanao kwa babu. Amwombe amwonyeshe jinsi mwanzi unavyopasuliwa na ukuta unavyokandikwa. Wajenge hata kibanda cha kuku. Mkono uliokwisha kujenga hausahau.