Kitanda Kwanza, Kazi Baadaye

Nilipofika Dubai mwaka 2007, mtaa wa Deira ulikuwa na kanuni ambayo ajenti wangu wa Mombasa hakunigusia: kijana mgeni hutafuta kitanda kabla ya kutafuta kazi. Chumba kilikuwa ndoto ya mbali. Kuanzia Naif hadi uwanja wa Baniyas, ambao kila mtu aliuita Nasser Square, nyumba za kupanga zilikuwa zimejaa vitanda vya dabo deka. Aliyekuwa na mkataba wa nyumba aliwakodisha wengine kitanda kimoja kimoja, na kuna vitanda vilivyolalwa na mlinzi mchana na mpishi usiku.

Matangazo yalikuwa barabarani. Kwenye nguzo za taa na milango ya maduka ya vyakula zilibandikwa karatasi zilizokatwa chini kama matamvua ya mkeka, kila utepe na namba ya simu. Unachana mmoja, unatia mfukoni, unakwenda kupiga simu. Lakini kwanza unasoma maandishi ya juu: Wafilipino tu, watu wa Kerala tu, asiyevuta sigara. Karatasi ya kumkaribisha Mwafrika ilikuwa adimu. Sisi tulielekezana kwa njia nyingine: baada ya sala ya Ijumaa, kwenye hoteli za Wasomali, na hasa kwenye ofisi za kago zinazosafirisha mizigo ya Mombasa na Dar es Salaam.

Ndivyo nilivyopata kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane. Mzee wa chumba alikuwa mtu wa Tanga, na sheria zake hazikuwa na mjadala. Taa huzimwa saa tano. Kupika ni kwa zamu na sufuria ni moja. Ijumaa asubuhi magodoro yote hutolewa kibarazani, na vyuma vya vitanda humwagiwa maji yanayochemka, kila kiungo na kila tundu la skrubu, kwa sababu kunguni wa Deira hawakuwa na adabu. Ukikataa zamu ya birika, unafungasha.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kodi ile ilikuwa inalipia zaidi ya usingizi. Wapangaji wenzangu walitoka kazini kutoka pembe zote za mji: ghalani Al Quoz, mahotelini, bandarini, kwenye ulinzi wa maduka. Jioni, sinia likiwa katikati, kila mmoja alileta habari.

"We kijana," mzee wa chumba aliniambia usiku mmoja, "kesho nenda ile ofisi ya kago nyuma ya soko la Naif. Fika kabla hawajafungua. Muulize karani, mwambie nimekutuma mimi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa na uzito. Mimi sikuwa na cheti cha maana, yeye aliweka jina lake rehani. Ningeiba katoni moja, asingeweza tena kumpeleka mtu pale. Nilichukuliwa kwa majaribio kuhesabu mabelo ya wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh, na sifa yangu kubwa ilikuwa kuzungumza nao Kiswahili wanapogombania uzito.

Viza ya matembezi ilipokaribia kuisha ilinibidi nitoke nchini na kurudi kwa viza ya kazi. Wengi wetu tulikwenda Kish, kisiwa cha Iran kilichoruhusu raia wa mataifa mengi kuingia bila viza. Wanawake walijifunga mitandio kabla ya kushuka. Hoteli za bei nafuu zilikuwa na Wafilipino, Wahindi na Waafrika waliokaa wakisubiri karatasi kutoka Dubai, na wengine fedha ziliwaishia kabla karatasi haijafika. Nako huko mambo yalikuwa yale yale: unashirikiana chumba na usiyemjua, na kabla ya kulala unajua tajiri yupi analipa kwa wakati na yupi anazungusha.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulisimamisha winchi za ujenzi, kago ikapungua, na chumbani kwetu vitanda vikabaki vitupu wenyewe wakirudi kwao. Septemba 9, 2009 treni ya Metro ilifunguliwa, na mtu akaweza kufanya kazi katikati ya mji akilala mbali na Deira. Sheria nayo ikalegeza kamba: kuanzia Januari 2011, mfanyakazi aliyetimiza miaka miwili aliweza, mkataba ukiisha, kuhamia kwingine bila barua ya ridhaa ya tajiri. Kabla ya hapo, barua hiyo ilimfanya mtu ameze mengi.

Mpwa wangu alipofika mwaka 2023 hakuhitaji nguzo ya taa wala mzee wa chumba. "Mjomba, malazi nimeshapata, nimelipa nusu," aliniambia kwa simu, naye bado yuko Mombasa. Alichokuwa amelipia ni kijisehemu cha sebule iliyogawanywa kwa mbao za jasi huko Al Rigga, mlango wake na kufuli lake. Kwa faragha alinizidi mbali. Lakini hakujua jirani wa upande wa pili wa ubao anafanya kazi gani. Kila mtu alikula chake na simu yake. Wasifu wake aliutuma kwa makampuni mengi kupitia mitandao na makundi ya WhatsApp, na waliomjibu haraka zaidi ni matapeli waliotaka ada ya kipimo cha afya.

Hapo alikuwa na silaha tuliyokosa sisi. Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri na kumnyang'anya pasipoti. Barua ya ajira ina namba, na namba hiyo huhakikiwa kwenye huduma ya mtandaoni ya wizara ya kazi. Ile viza mpya ya kutafuta kazi ya mwaka 2022 haikumfaa, kwa kuwa inataka shahada ya chuo kilicho miongoni mwa 500 bora duniani au ujuzi wa ngazi za juu. Aliingia kwa viza ya matembezi kama mimi. Na Juni 2025 manispaa ilipoanza kubomoa vyumba vya jasi, Al Rigga ikiwamo, akaanza kutafuta malazi upya.

Vijana wa nyumbani wakinipigia siku hizi, nawaambia mambo mawili. Barua ya ajira, ihakiki wizarani kabla ya kukata tiketi, hata kama imeletwa na ndugu. Kitanda, usilipie picha: nenda jioni, uone kama watu wa nyumba ile wanakula pamoja. Kama wanakula pamoja, chukua hapo, hata kama kodi imezidi kwa dirham 50.