Misikiti Mia Tatu ya Palermo



Ndugu yangu msomaji, leo nitakupeleka Italia, kisha nitakurudisha mtaani kwetu Tanga kwa jambo ambalo nimechelewa kulisema. Somo ni refu. Kama uko kwenye daladala, soma nusu, nyingine umalizie nyumbani. Lakini usiishie nusu.

Wengi wenu mnajua kwamba tangu mwaka juzi tunachangishana kwa ajili ya msikiti mpya mtaani kwetu. Baadhi yenu mlituma, Allah awalipe. Ambalo sikuwaambia ni kwamba msikiti wa zamani uko hatua mia mbili tu kutoka kiwanja kile, na haujajaa. Siku ya Ijumaa unajaa. Siku nyingine ni safu mbili na nusu.

Basi msikiti mpya haukuletwa na wingi wa watu. Uliletwa na ugomvi wangu na kaka yangu mkubwa, baada ya baba yetu kufariki, juu ya nani asimame kwenye mihrabu mahali pake. Yeye alibaki. Mimi nikatoka na watu wangu, nikatangaza kwamba mtaa umekua na nafasi haitoshi. Nawe ukaniamini.

Hilo liweke pembeni kwanza. Twende safari.

Mpwa wangu anafanya kazi kaskazini mwa Italia. Desemba iliyopita alinikaribisha. Nilidhani atanionyesha Roma, akacheka. "Mjomba, Roma kila mtu anaiona. Mimi nakupeleka kusini, ukaone nyayo za wazee wetu wa dini."

Tulisimama Napoli kubadilisha treni, tukaingia mkahawani. Pale kahawa hunywewa umesimama, mafunda mawili matatu, unaondoka. Mpwa wangu akalipa vikombe vitatu na sisi tuko wawili. Nikamwambia wamekosea hesabu. "Hapana mjomba, kimoja kimeachwa." Kumbe ni desturi ya mji ule tangu zamani: mwenye uwezo hulipa kikombe cha ziada, kisha akaenda zake. Baadaye akija mtu asiye na kitu, huuliza kama kuna kahawa iliyoachwa, naye hupewa. Aliyelipa hamjui aliyekunywa, na aliyekunywa hamjui wa kumshukuru.

Nikasema subhanallah, nikaisahau. Tulikuwa tunachelewa treni.

Safari ya kwenda Sisilia ina ajabu yake. Mkifika ncha ya bara, treni hukatwa vipande vipande na mabehewa huingizwa ndani ya meli, nanyi mkiwa humo humo. Mnavuka mlango wa bahari hadi Messina, mabehewa yanaunganishwa tena, safari inaendelea. Tuliingia Palermo tarehe 13 Desemba, siku wanayomkumbuka mtakatifu wao Lucia. Siku hiyo watu wa Palermo hawali mkate wala tambi. Husimulia kwamba mwaka 1646 kulikuwa na njaa kali, ikatia nanga meli ya nafaka, na watu kwa njaa waliyokuwa nayo hawakungoja kusaga. Waliichemsha ngano vile vile wakala. Mpaka leo siku hiyo hupikwa ngano nzima, nayo huitwa cuccìa. Tulipewa kibakuli, ina utamu wa jibini laini na sukari. Nikamwuliza mwenye duka, meli ile ilikuwa ya nani? Akapandisha mabega. Chakula anakikumbuka. Mwenye meli hamjui.

Sasa sikiliza kuhusu mji wenyewe. Waislamu waliuingia Palermo mwaka 831, wakaufanya makao makuu ya kisiwa, na ukabaki mikononi mwao hadi mwaka 1072, Wanormani walipouteka. Karibu karne mbili na nusu. Ukitembea na Kiswahili chako tu, utashangaa utakavyosikia jamaa zako. Barabara kuu ya mji wa kale wenyeji huiita Cassaro: ni kasri hiyo hiyo yetu. Mtaa wa Kalsa umetokana na al-Khalisa, mzizi uliotupa sisi neno halisi. Jumba la La Zisa ni al-Aziza, na wewe unamwita mpenzi wako azizi. Kuna zabibu tamu waziitazo zibibbo. Na Msisilia akimwonea mtu huruma, husema mischinu. Maskini!

Tukafika kanisa kuu. Palikuwa na kanisa la kale, Waislamu wakalifanya msikiti wa Ijumaa, Wanormani wakalirudisha kuwa kanisa, kisha katika karne ya 12 likajengwa hili linaloonekana leo. Nakueleza yote ili usilie upande mmoja tu. Kwenye baraza ya kusini, nguzo ya kushoto, mpwa wangu akaninyooshea kidole. Nikasogea. Imechongwa kwa Kiarabu. Ni katika Suratul A'raf, aya ya 54, inayomtaja Mola aliyeumba mbingu na ardhi. Watalii walikuwa wanaipita kama wanavyopita nguzo yoyote.

Nilisimama pale nikalia, sikufichi. Nililia kama mtu aliyeonewa.

Usiku mpwa wangu akanisomea habari za msafiri Ibn Hawqal, aliyefika Palermo mwaka 973, mji ukiwa katika enzi yake. Huyu bwana alikuwa na ulimi mkali. Aliwalaumu watu wa Palermo mpaka kwa kula vitunguu vibichi, akidai vimewaharibu akili! Tukacheka. Kisha akafika kwenye misikiti. Ibn Hawqal anasema ilizidi mia tatu. Huenda alitia chumvi, lakini anasema hakuona idadi kama ile ila mji mmoja tu, Cordoba. Akahesabu msikiti mmoja mkubwa ulipojaa: safu 36, kila safu watu wasiozidi 200. Yaani watu elfu saba ndani ya msikiti mmoja. Basi mia tatu ya nini?

Naye aliuliza swali hilo hilo. Alisimama mahali pamoja akaona misikiti kama kumi kwa umbali wa kurusha mshale, mingine ikitazamana, katikati njia tu. Akajibiwa kwamba watu wa pale kwa majivuno yao kila mmoja hutaka msikiti wake, asishiriki na yeyote ila jamaa zake. Ndugu wawili nyumba zao zimegusana ukuta, na kila mmoja ana msikiti wake. Hata mwanachuoni mmoja alikuwa na wake, na mwanawe akawa na wake hatua chache tu kutoka kwa baba.

Mpwa wangu alinyamaza. Yeye anajua habari zetu. Hakusema neno, akafunga simu yake, akalala.

Mimi nikafungua yangu. Kulikuwa na picha imeingia kutoka kwa fundi wa marumaru, anataka nikubali kibao cha ukutani kabla hajakichonga. Juu jina la marehemu baba. Chini yake jina langu, kwa herufi kubwa zaidi. Vipimo vile nilimpa mimi mwenyewe.

Ndugu yangu, usinielewe vibaya. Kujenga msikiti ni katika amali kubwa, na palipo na haja, wallahi uuze shamba ujenge. Wala sikwambii kwamba misikiti ya Palermo ilianguka kwa sababu ya majivuno peke yake. Wanormani walikuja na panga. Lakini tuulize: waliingiaje?

Jibu nililisikia kesho yake tukienda Mazara, mji wa wavuvi upande wa kusini magharibi, unaotazama Tunisia. Hapo ndipo Waislamu waliposhukia mwaka 827, wakiongozwa na Asad ibn al-Furat, kadhi wa Qayrawan. Alikuwa mzee, mwanachuoni aliyesoma Madina kwa Imam Malik, huyo huyo aliyemsomesha Imam Shafi'i wetu. Alifariki mwaka uliofuata, jeshi likiwa limeuzingira mji wa Siracusa. Huo ndio mlango wa kuingilia. Na mlango wa kutokea? Mpwa wangu alinisimulia ndani ya basi. Miaka mia mbili na zaidi baadaye kisiwa kilikuwa kimegawanyika, kila mkubwa na mji wake. Wawili kati yao, Ibn al-Thumna na Ibn al-Hawwas, walikuwa mashemeji. Wakagombana, wakapigana, Ibn al-Thumna akashindwa. Basi akavuka bahari kwenda kwa Wanormani akawaita waje wamsaidie dhidi ya shemeji yake. Mwaka 1061 wakaja. Hawakuondoka.

Miaka thelathini baadaye mji wa mwisho, Noto, ukasalimu amri. Wafalme wa kwanza wa Kinormani waliwatumia Waislamu kwa ufundi na elimu, na kanisa la ndani ya jumba lao lina dari ya mbao iliyochorwa na mafundi wa Kiislamu, ina maandishi ya Kiarabu mpaka leo. Lakini katika karne ya 13 Mfalme Frederick wa Pili aliwahamisha Waislamu kwa nguvu hadi Lucera, bara ya Italia. Mwaka 1300 mtawala mwingine, Charles wa Pili, akauvunja mji huo wa Waislamu na watu wakauzwa utumwani. Ukawa mwisho wao.

Kilichobaki ni nini? Katika ile mia tatu, niliouona mimi ni nguzo moja. Lakini mkulima wa Kisisilia, Mkristo, asiyejua hata alifu ya Kiarabu, bado anaita birika lake la kumwagilia gebbia na mfereji wake saia. Ni maneno ya Kiarabu. Michungwa na milimau yao hunyweshwa kwa ujuzi wa maji ulioletwa na watu ambao hakuna anayeyajua majina yao. Maji hayakuulizwa ni ya nani, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuyabomoa.

Mazara pana mtaa wa zamani wauitao Kasbah, vichochoro vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Wanaishi humo wavuvi wa Kitunisia waliokuja kufanya kazi kwenye meli tangu miaka ya 1960. Tulisali alasiri nao katika msikiti mdogo. Baadaye mzee mmoja mvuvi akatukalisha, akatuletea kuskusi ya samaki, chakula ambacho Wasisilia wa pwani ile nao wanakipika na kukiita chao. Nikamwuliza kwa Kiarabu changu cha madrasa, "Mzee, nyinyi hapa hamgombani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Tunagombana sana! Lakini tunagombana humu humu ndani."

Ndugu yangu, nimesikiliza mihadhara mingi. Hakuna uliokaa kifuani mwangu kama maneno yale.

Nimerudi Tanga. Alfajiri ya kwanza nilikwenda msikiti wa zamani, sikuwa nimeukanyaga kwa miezi kumi na tisa. Nilisimama safu ya nyuma kabisa. Kaka yangu alisalisha. Alipogeuka akaniona, hakushtuka, hakunikumbatia, hakusema lolote la kuandikwa. Alisema tu, "Mbona umekaa huko? Mbele kuna nafasi."

Nafasi! Neno lile lile nililowadanganya nalo.

Sasa nawageukia nyinyi mliochangia. Fedha mliyotoa kwa nia ya msikiti mimi sina ruhusa ya kuigeuza kwa matakwa yangu. Nimewauliza wanaonizidi elimu, nami nafuata waliyoniambia. Kila aliyetuma nitampigia simu, mmoja mmoja. Anayetaka fedha yake atarudishiwa. Atakayeridhia, yake itaingia kwenye kisima na tangi kando ya msikiti wa zamani, pale ambapo kina mama wanapanga ndoo tangu usiku. Kibao cha marumaru nimekifuta. Fundi nimemlipa kwa usumbufu wake, kutoka mfukoni mwangu. Kisima hakitakuwa na jina, wala la baba. Baba hapotei kwa Mola wake kwa kukosa kibao.

Na wewe unayesoma, labda huna msikiti unaojenga. Lakini pengine una chama mlichokigawa, biashara uliyoifungua mbele ya duka la ndugu yako, madrasa ya pili kwenye mtaa wenye watoto kumi na tano. Unasema nafasi haikutosha. Jiulize usiku, taa imezimwa: haikutosha nafasi, au haukutosha moyo wako?

Mpigie leo. Usimwandikie ujumbe, mpigie.

Nami niombeeni, kwa sababu kuandika haya kumekuwa rahisi kuliko kusimama nyuma ya kaka yangu kila siku, na bado najifunza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.