Mwendo kasi, tena

Nilikuwa kimya wiki nzima, na sababu yenyewe naiandika kwa aibu kidogo.

Mnazijua habari zetu za ajali. Watu watatu wamefariki, kamanda wa polisi wa mkoa amethibitisha, chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva, ambaye alikimbia baada ya tukio. Nimeiandika hiyo mara nyingi mpaka naweza kuiandika nimelala. Pombe haimo. Dereva aliyekimbia nani atampima? Akikamatwa kesho yake jioni, ini limeshafuta ushahidi.

Sasa Jumamosi ile tulikuwa kwenye sendofu Kibaigwa. Rafiki yangu, mwenye kakorola kake, alikunywa mpaka saa sita usiku. Hakuendesha, alilala. Saa kumi na mbili asubuhi akanawa uso, akapiga chai ya rangi, akasema, "Nimelala mzee, niko fiti." Nikapanda. Nilikuwa na habari ya kuwahisha, na kusema kweli hata mimi zilikuwa bado kichwani.

Tumeshaipita Mbande, mbele kuna lori bovu, nusu liko barabarani, matawi yametandazwa nyuma yake kama kawaida yetu. Mimi niliyaona mapema. Yeye aliyajua yalipoanza kukwaruza chini ya gari. Akakata kushoto, tukaenda kusimama kwenye miiba. Vumbi lilipotulia akasema, "Breki hizi!" Breki hazikuwa na kosa lolote. Na mimi niliyeyaona matawi sikufungua mdomo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nilipofika Dodoma nikapiga hesabu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ini huondoa kama 15 kwa saa, na haliharakishwi na chai, supu wala maji ya baridi. Aliyelala na 180 saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado ana 90. Ameota, ameamka, amepiga mswaki, na kisheria amelewa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linataka kikomo kiwe 50. Mwaka 1964 kule Marekani, Borkenstein na wenzake walitoa utafiti wa mji wa Grand Rapids, wakilinganisha madereva waliopata ajali na waliopita salama sehemu zile zile. Kilevi kilipozidi, hatari haikupanda taratibu, iliruka. Hapo bado hujaweka uchovu na usingizi wa kuibia.

Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, tukidhani mlevi wa barabarani ni kijana wa bodaboda. Kumbe mwingine ana digrii, ana tai, na pembeni amekaa mwandishi wa habari.

Jumamosi hii kuna sendofu nyingine, Kongwa. Nimemtumia rafiki yangu meseji kwamba nitapanda basi. Amejibu neno moja tu: "Mwoga."